Shajara ya mradi: Ghala la pakeji la maabara za Tabora, na swali la zstd au xz

Shajara hii ni ya mafundi na walimu wa TEHAMA wanaotaka kuiga kazi inayofanyika hapa Tabora: ghala moja la pakeji za Linux (mafaili ya kusakinishia programu) linalolisha maabara za shule, ili kila kompyuta isilazimike kwenda intaneti kivyake. Kazi yenyewe ni nyepesi kuliko inavyosikika. Kilichokula muda ni swali ambalo distro kubwa (mifumo ya Linux kama Debian na Ubuntu) zinalijibu kila moja kwa namna yake, nalo ni kwamba pakeji zibanwe, yaani zipunguzwe ukubwa, kwa muundo upi: zstd au xz. Nitaandika kila hatua inapokamilika, na bei zake.

11 Januari 2025: Vifaa

Seva ni kompyuta ya mezani ya mtumba, prosesa ya i5 yenye viini vinne, RAM GB 8, diski ya TB 1. Imefika kutoka Kariakoo kwa shilingi 380,000 pamoja na nauli ya mzigo. Diski ya nje ya TB 1 ya kusafirishia, 160,000. UPS ya mtumba 90,000, na betri mpya 45,000 juu yake, maana ile iliyokuja nayo ilikuwa betri kwa jina tu. Swichi tulirithi ya shule, ya megabiti 100 kwa sekunde. Wakati ule hatukuiona kuwa na neno.

Maabara ni tatu. Ya Ipuli ina Debian 11, ya Cheyo ina Ubuntu 22.04, na ya Sikonge, iliyokuwa na Windows iliyopitwa na wakati, tumeiwekea Debian 12. Mashine nyingi ni Core 2 Duo na Celeron zenye RAM GB 2 na diski za kuzunguka.

Pakeji tulizochagua zilikuwa kama GB 12. Zimepakuliwa kwa apt-mirror, programu ya kunakili ghala, kwa bando la usiku, jumla takriban shilingi 30,000. Hapo hakuna la kusimulia.

1 Februari 2025: Pakeji yetu yagomewa Ipuli

Tulitengeneza pakeji ya masomo: notisi za sayansi za kidato cha kwanza hadi cha nne, mitihani ya miaka iliyopita, na faili la ZIM la Wikipedia ya Kiswahili la kusomwa bila intaneti kwa programu ya Kiwix. Tuliijenga kwenye seva, na seva ina Ubuntu 22.04. Cheyo iliingia bila neno. Ipuli, dpkg (programu inayosakinisha pakeji) ikasema haitambui mbano wa control.tar.zst, ikaishia hapo. Mwalimu wa zamu akapiga simu: "Fundi, mzigo wako umeharibika njiani." Haukuwa umeharibika. Alama ya sha256, ambayo hubadilika faili likiguswa popote, ililingana na ya seva herufi kwa herufi.

Sababu ni hii. Faili la .deb, yaani pakeji ya Debian na Ubuntu, ni bahasha ya ar yenye vitu vitatu: debian-binary, control.tar (maelezo ya pakeji) na data.tar (mafaili yenyewe). Hivyo viwili vya mwisho ndivyo vinavyobanwa, na .deb haina sheria kwamba lazima viwe vya aina moja milele. Zamani vilikuwa gzip. Mwaka 2013 dpkg ikahamia xz kama chaguo lake la kawaida. Ubuntu nayo, kuanzia toleo la 21.10 la Oktoba 2021, ikahamia zstd, muundo uliotungwa na Yann Collet akiwa Facebook na kutolewa rasmi mwaka 2016. Lakini dpkg ya Debian yenyewe haikuwa ikisoma zstd hadi Debian 12, Juni 2023. Kwa hiyo pakeji yoyote iliyojengwa kwenye Ubuntu mpya bila kusema lolote inakuwa zstd, na Debian 11 haina cha kuifungulia.

Dawa kwa pakeji unayoijenga kwa mkono ni mstari mmoja:

dpkg-deb -Zxz --root-owner-group --build masomo

Ukijenga kwa debhelper (zana za Debian za kujengea pakeji), kwenye debian/rules chini ya override_dh_builddeb weka: dh_builddeb -- -Zxz.

Kwa pakeji ambayo tayari imejengwa na folda yake haipo, tulijaribu njia mbili. Ya kwanza, kuimwaga kwenye folda kama mtumiaji wa kawaida kisha kuijenga upya, iachwe. Mafaili yote yaliingia kwenye mashine yakiwa mali ya mtumiaji namba 1000 badala ya root (msimamizi wa mfumo), na kwenye mashine ile namba 1000 ni akaunti ya wanafunzi, kwa hiyo notisi za mwalimu zikawa daftari la kila mtu. Njia inayofaa haigusi yaliyomo ndani ya tar kabisa. Fungua bahasha kwa ar x, pitisha kila tar kwenye zstd -dc na kuielekeza kwenye xz, kisha irudishe bahasha kwa ar rc kwa mpangilio uleule: debian-binary kwanza, control ya pili, data ya mwisho. Ukibadili mpangilio dpkg inakataa.

Jambo dogo lakini lilitupotezea umeme: lile faili la ZIM. Ndani yake makala zimeshabanwa. xz ilihangaika nalo muda mrefu, prosesa ikipiga kelele, ikatoa faili la ukubwa uleule. Tumelitoa liwe pakeji yake, tukaijenga kwa -Znone. Picha za JPEG, video na PDF nyingi ziko vivyo hivyo. Kitu kilichokwisha kubanwa hakina maji ya kukamua tena.

22 Februari 2025: Diski ya Sikonge

Diski ilifika Sikonge, apt (inayosoma orodha ya ghala na kuleta pakeji) ikakataa pakeji ya masomo kwa kuwa ukubwa na alama havikulingana na orodha. Tulikuwa tumeibadili kutoka zstd kwenda xz bila kubadili namba ya toleo, na nakala kwenye diski ilibeba pakeji mpya na orodha ya Packages ya zamani.

Marekebisho ni mawili. Kila pakeji inapobanwa upya, hata kama ndani hakuna herufi iliyobadilika, inapewa namba mpya ya toleo. Na skripti ya kunakili sasa inapeleka folda ya pool (pakeji) kwanza, dists (orodha) baadaye, na kufuta vya zamani mwisho kabisa. Hivi ndivyo nakala za ghala la Debian duniani zinavyosasishwa, kwa sababu hiihii: orodha isitaje kitu ambacho bado hakijafika.

15 Machi 2025: Kubana upya ghala zima kwa zstd (imeachwa)

Hili ndilo jaribio lililonipa hamu zaidi, na ndilo lililokufa vibaya zaidi.

Hamu ilitoka kwa Arch Linux, distro nyingine. Mwishoni mwa Desemba 2019 walihama kutoka xz kwenda zstd, wakatangaza matokeo: pakeji zote kwa pamoja ziliongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 0.8 tu, na kasi ya kuzifungua ikapanda kwa takriban asilimia 1,300. Fedora 31 nayo, mwaka huohuo, ilihamishia RPM zake (ndizo pakeji zake) zstd. Basi tukasema pakeji za Debian 12 za Sikonge, ambazo ni xz, zote zigeuzwe zstd kwenye seva yetu. Debian 12 inazisoma. Usiku mmoja wa seva kufanya kazi, na mashine za Core 2 Duo zipumzike.

Kugeuza kwenyewe kulikwenda vizuri. Kwa ngazi ya mbano ya 19, GB 12 zilikua kwa kama asilimia tano, yaani chini ya GB moja. Kwa anayelipia bando, hiyo ni kama shilingi 1,500, mara moja, kwa ghala zima. Hasara ya kuvumilika.

Kisha tukapima faida. Kufungua tu, bila kuandika diskini (dpkg-deb --fsys-tarfile, matokeo yakitupwa /dev/null), pakeji kubwa ya LibreOffice ilitumia sekunde tatu na ushei kwa xz, na chini ya sekunde moja kwa zstd. Arch hawakudanganya. Lakini tuliposakinisha seti nzima ya maabara kwenye mashine ileile, xz ilitumia kama dakika 24, zstd kama 21. Mwalimu aliyekuwa amesimama nyuma yangu akauliza, "Sasa fundi, hii ndiyo ile mpya au bado ile ya zamani?" Sikuwa na jibu la kumfurahisha.

Dakika zilikuwa zinaliwa na diski. dpkg inapoandika faili inaiamuru diski ithibitishe kwamba imeliandika kweli kabla ya kuendelea, ili umeme ukikatika usibaki na mafaili matupu. Diski ya kuzunguka inasimama kungoja kila uthibitisho, na seti yetu ina maelfu ya mafaili madogo. Tulipozima uthibitisho huo kwa --force-unsafe-io, xz ileile ya zamani ikashuka hadi kama dakika 11. Zstd pamoja na kuzima uthibitisho, kama 8.

Yaani kubadili muundo peke yake kuliokoa dakika tatu, na neno moja kwenye amri likaokoa kumi na tatu. Kasi ya zstd inaonekana vizuri pale tu diski inapoacha kuwa kikwazo, na njia ya heshima ya kufanya hivyo ni SSD. Ya GB 120 hapa mjini tumeipata kwa 45,000. Tumenunua nne za majaribio, na mashine zile nne zinasakinisha kwa usalama wote, uthibitisho ukiwa umewashwa, haraka kuliko zile za diski ya zamani zilizozimiwa kila kitu.

Tahadhari kwa wanaoiga: --force-unsafe-io ni kwa usakinishaji wa mwanzo, mashine ikiwa tupu na UPS ikiwa nzima. Usiiache kwenye mipangilio. Umeme wetu mnaufahamu.

Na hata faida ingekuwa kubwa, kuna kilichotusimamisha kabisa. Ghala la Debian lina faili la InRelease lenye saini. Saini inathibitisha orodha, na orodha inathibitisha sha256 ya kila pakeji. Ukibana upya pakeji moja mnyororo umekatika. Inabidi utengeneze orodha yako, uisaini kwa ufunguo wako, na usambaze ufunguo huo kwenye kila mashine. Kuanzia hapo mashine za shule haziiamini tena Debian, zinamwamini fundi wa Tabora na kompyuta yake ya mtumba. Kila sasisho la usalama nalo lingengoja fundi aamke, abane, asaini. Ghala lililobanwa upya limefutwa. Ufunguo wetu unasaini pakeji zetu za masomo tu.

12 Aprili 2025: Picha ya mfumo ya kuwashia kupitia mtandao

Cheyo kuna mashine ambazo diski zao zimekufa kabisa. Hizo tunaziwasha kutoka kwenye seva kwa LTSP: seva inatunza picha moja ya mfumo ya SquashFS (faili moja lililobanwa lenye mfumo mzima), na mashine zote zinaisoma kupitia waya. Hapa hakuna saini ya Debian ya kuvunja, kwani anayebana ni sisi na anayefungua ni sisi. Kerneli inasoma SquashFS ya zstd tangu toleo la 4.14 la mwaka 2017, na mksquashfs, inayoijenga picha, inapewa tu -comp zstd.

Picha ya xz ilitoka ndogo zaidi, ya zstd ikaizidi kwa kiasi cha kuonekana lakini si cha kutisha. Kwa mashine moja zstd ilishinda wazi: LibreOffice Writer ilifunguka kwa nusu ya muda hivi. Tukafurahi, tukaita darasa.

Darasa lilipowasha mashine zote kwa pamoja, ushindi ukayeyuka. Kuna wakati zstd ilikuwa nyuma ya xz.

Hesabu yake ni ya kukaa na kuielewa. Megabiti 100 kwa sekunde ni kama MB 12 kwa sekunde, na hizo zinagawanywa na darasa zima, kwa sababu seva ina waya mmoja. Mashine ikiwa peke yake inapata MB zote 12, prosesa yake ya zamani ndiyo inayochoka kufungua xz, na zstd inaikomboa. Mashine zikiwa nyingi, kila moja inapata tone, prosesa inakaa bure ikingoja, na hapo anayeshinda ni yule mwenye baiti chache njiani. Muundo uleule, mashine zilezile, jibu limegeuka kwa sababu ya swichi.

Tumenunua swichi ya gigabiti ya mlango 24 kwa shilingi 240,000, na kubadilisha nyaya chache ambazo zilikuwa zinaunganika kwa megabiti 100 tu kwa kuwa jozi mbili kati ya nne hazikubanwa vizuri kwenye kichwa. Baada ya hapo zstd inaongoza hata darasa likijaa. Kama huna pesa ya swichi, baki na xz kwenye picha ya LTSP na usione haya.

Jambo jingine kwenye mashine zenye diski: initramfs, faili dogo la kuanzishia mfumo. Hiyo inabanwa kwenye mashine ya shule yenyewe kila kerneli inaposasishwa, si kwenye seva ya mtu mwenye prosesa kubwa. xz pale ni adhabu. Tumeweka lz4, muundo mwepesi na wa haraka, kwa COMPRESS=lz4 kwenye /etc/initramfs-tools/initramfs.conf, sehemu ya /boot ikiwa na nafasi. Faili ni kubwa kidogo, hakuna anayelia.

10 Mei 2025: Nakala za diski nzima, na RAM

Kila maabara inatakiwa kuwa na nakala ya diski ya mashine moja iliyokamilika, ili ikiharibika irejeshwe na mwalimu bila kumwita fundi. Tunachukua kwa programu ya partclone na kubana. Matatizo matatu, yote ya RAM au ya flashi.

xz -9 ilizimisha kazi nyingine zote kwenye seva. Mwongozo wa xz unasema wazi: ngazi ya 6, ile ya kawaida, inataka kama MB 94 kubana na MB 9 kufungua. Ngazi ya 9 inataka MB 674 kubana na MB 65 kufungua. Hiyo ni kwa uzi mmoja, yaani kazi kwenye kiini kimoja. Ukiiambia itumie viini vyote vinne kila uzi unadai fungu lake, zaidi ya GB moja, na seva ya GB 8 inayolisha darasa haina ziada hiyo. Ngazi ya 6 ilitoa faili karibu sawa.

zstd kwa --long=31 ilitoa nakala ndogo kuliko tulivyotarajia. Tukafurahi tena. Ipuli ikagoma kufunguka. Chaguo hilo linaifanya zstd ikumbuke GB 2 zilizopita ili kutafuta marudio, na anayefungua lazima awe na GB 2 hizohizo na aseme --long=31 mwenyewe, la sivyo zstd inakataa. Mashine ya Ipuli ina RAM ya GB 2 kwa jumla. Dawa: --long=27. Hiyo ni MB 128, ndicho kikomo ambacho zstd inakubali kufungua bila kuambiwa kitu.

La tatu ni flashi ya FAT32, ambayo haipokei faili linalofika GB 4. Kata kwa split -b 3900M, mwalimu anaunganisha kwa cat. Andika sha256 ya kila kipande kwenye karatasi ya kubandika, maana flashi za bei rahisi za mjini nyingine zinadai GB 64 na kubeba 8.

14 Juni 2025: Je, distro zibadili muundo?

Likizo, maabara zimefungwa, kwa hiyo niandike ninachofikiri baada ya haya yote.

Ndiyo, zibadili, lakini msomaji atangulie, mwandishi afuate, na kati yao pawe na pengo la miaka. Ubuntu walifundisha dpkg yao kusoma zstd mwaka 2018, wakaanza kuandika kwa zstd 2021. Ndani ya nyumba yao walifanya sawa. Kilichouma Ipuli ni kwamba nyumba ya jirani inayotumia .deb hiyohiyo ilikuwa haijakubali bado. Arch nao walitanguliza msomaji, na tangazo lao lilieleza kwamba aliyekuwa hajasasisha libarchive (maktaba inayofungua pakeji zao) tangu 2018 angehitaji njia ya pembeni ya kujiokoa. Kwa Arch mtu kama huyo ni mzembe. Hapa ni shule ambayo mashine zake zilisakinishwa mara moja, fundi akaondoka. Anayesasisha kwa diski inayosafiri kwa basi hayuko nyuma kwa wiki, yuko nyuma kwa toleo zima.

Hoja ya ukubwa naisikia sana, hasa kutoka kwetu tunaonunua bando. Nimeshaeleza kwamba asilimia tano ya ghala ilikuwa kama shilingi 1,500. Lakini hiyo ni kwa sababu tunapakua mara moja na kugawa kwa diski. Shule yenye modemu yake na bila ghala inalipa tofauti hiyo kila mwezi kwa kila mashine, na kwayo xz bado ina maana. Guix, distro nyingine, wamelikabili hili kwa namna ninayoipenda: seva zao zilitoa pakeji kwa lzip (muundo mwingine unaobana sana) na kwa zstd, na mashine inayopokea inachagua kwa kulinganisha kasi ya mtandao wake na kasi ya prosesa yake. Gharama inabaki kwa mwenye seva, anayetunza kila kitu mara mbili. Kwa distro kubwa yenye nakala dunia nzima hiyo si gharama ndogo, na sidhani Debian watafanya hivyo.

Wengine wanasema xz iachwe kwa sababu ya kisa cha Machi 2024, pale Andres Freund alipofuatilia ssh (programu ya kuingia kwenye seva kutoka mbali) iliyokuwa inachelewa kama nusu sekunde akakuta mlango wa nyuma umefichwa ndani ya xz 5.6.0 na 5.6.1. Sikubaliani. Muundo wa .xz haukuwa na kosa. Kilichoingiliwa ni programu, kupitia mtu aliyejenga imani kwa miaka kwa msimamizi aliyekuwa peke yake. Lingeweza kuikuta maktaba nyingine yoyote. Funzo lake kwa distro ni la upande mwingine: kila muundo unaouongeza ni maktaba moja zaidi ambayo dpkg, inayofanya kazi kama root, inaiamini. gzip, bzip2, xz, lzma ya zamani, sasa zstd. Ukiongeza muundo mpya, uwe na mpango wa kustaafisha wa zamani, na hapo ndipo wengi wanapotulia tu.

lzip yenyewe, ya Antonio Diaz Diaz, ina hoja nzuri kuhusu kuhifadhi vitu kwa miaka mingi na kuokoa faili lililoharibika kidogo. Kwa pakeji ambayo ina sha256 na inaweza kupakuliwa tena, hoja hiyo haina uzito. Kwa nakala za mitihani za kukaa kabatini, labda.

16 Agosti 2025: Hali ilivyo

Debian 13 imetoka tarehe 9 mwezi huu. Ipuli imepandishwa kutoka Debian 11 hadi 12 wakati wa likizo, kwa hiyo maabara zote tatu sasa zinasoma zstd. Hatukuruka moja kwa moja hadi 13, Debian haishauri kuruka toleo.

Kilichobaki kazini: pakeji za Debian na Ubuntu zinagawiwa kama zilivyotoka kwao, saini ikiwa nzima. Picha ya LTSP ni zstd. Nakala za diski ni zstd -19 --long=27. initramfs ni lz4. Pakeji zetu za masomo ni xz, na ZIM ni bila mbano.

Gharama hadi leo, mbali na nauli nyingine: seva 380,000, diski ya nje 160,000, UPS na betri 135,000, bando la mwanzo 30,000 na la masasisho kama 40,000, SSD nne 180,000, swichi 240,000. Jumla 1,165,000. Kama ningeanza leo, swichi na SSD zingenunuliwa kabla ya kubishana kuhusu mbano.

Wiki ijayo walimu wawili wa Urambo wanakuja kuchukua nakala ya diski. Nimewauliza mashine zao zina nini: Debian 10. Kwa hiyo mstari wa -Zxz kwenye skripti ya kujengea pakeji haufutwi, na nimeuandikia maelezo juu yake ili atakayekuja baada yangu asiuone kama mabaki.